Folda Moja, Miradi Mitano: Kufungasha Kijenzi cha Django Kisafiri Bila Mimi

Mwaka 2015, nikijenga mfumo wa kusajili wakulima kwa shirika moja la Nyanda za Juu Kusini, nilitengeneza ndani ya mradi wangu wa Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, folda niliyoiita `mikoa`. Ilikuwa na majedwali matatu, la mikoa, la wilaya na la kata, pamoja na fomu yenye visanduku vitatu vinavyotegemeana: ukichagua mkoa, kisanduku cha pili hujaa wilaya za mkoa huo tu, na ukichagua wilaya, cha tatu hujaa kata zake. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuchapa majina na kuhakiki tahajia, na ilipokamilika niliona nimepata mtaji. Mradi wa pili ulipokuja na hitaji lile lile, nilinakili folda nikaibandika. Wa tatu vivyo hivyo. Mwaka ulipoisha folda hiyo ilikuwa inaishi katika miradi mitano ya wateja watano, na kila mmoja aliamini ameandikiwa upya.

Mapema mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Mbeya. Wilaya za Mbozi, Ileje na Momba, pamoja na wilaya mpya ya Songwe, zikahamia mkoa huo, makao makuu yakawa Vwawa, na idadi ya mikoa ya Tanzania ikafika 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Nilirekebisha mradi niliokuwa nikiufanyia kazi wiki ile, nikaendelea na shughuli nyingine. Miezi kadhaa baadaye nikapigiwa simu na karani wa mradi wa kwanza. "Kaka, mimi nimekaa hapa Vwawa," akasema, "lakini mfumo wako unanilazimisha nimwandike kila mkulima kuwa ni wa Mbeya. Risiti tumeshatoa, na watu wanazirudisha wanasema si za kwao."

Jioni ile nilifungua miradi yote mitano, dirisha moja baada ya jingine. Mmoja ulikuwa sahihi. Miwili haikumjua Songwe kabisa. Wa nne ulikuwa na Mbozi mara mbili, mara moja chini ya Mbeya na mara moja chini ya Songwe, kwa sababu mwenzangu mmoja aliongeza upande mmoja bila kuondoa upande wa pili. Wa tano ulikuwa na marekebisho mazuri ya fomu ambayo sikuwa nimeyapeleka popote pengine. Hakukuwa tena na kitu kimoja kiitwacho `mikoa`. Kulikuwa na ndugu watano waliolelewa nyumba tofauti, na mimi ndiye niliyewatenganisha. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kufungasha kijenzi, yaani kipande cha msimbo kinachotumika tena kama folda ile, ili kisakinishwe kwa amri moja na kirekebishwe mahali pamoja, na kwa miaka niliyoifanya kazi hii nimefikia imani moja ninayotaka kuieleza: sehemu ngumu ya kufungasha ni kugundua yote ambayo kijenzi chako kinayadhani kuhusu nyumba kitakayofikia.

Django yenyewe ilizaliwa katika mazingira yanayoifaa hoja hii. Ilianza mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kutoa tovuti kwa kasi ya gazeti, na mwaka 2005 ikatolewa kwa umma kama programu huria. Wenye kazi ya namna hiyo hawawezi kuandika upya orodha ya matukio au sehemu ya maoni kila tovuti mpya inapohitajika. Ndiyo maana tangu mwanzo Django hutofautisha mradi na kile inachokiita "app", yaani kipande chenye majedwali yake, kurasa zake na anwani zake, kinachoweza kung'olewa hapa na kupandikizwa pale. Katika mkutano wa kwanza wa DjangoCon, mwaka 2008, James Bennett alitoa mada nzima juu ya app zinazotumika tena, na mengi ya mashauri yake bado yanafaa leo: app ifanye jambo moja, na isiogope kuwa ndogo.

Nilidhani basi kwamba folda yangu, kwa kuwa ni app, tayari iko tayari kusafiri. Nikaandika `setup.py`, nikajenga kifurushi, nikajisajili PyPI, ghala kuu la vifurushi vya Python, nikapakia toleo 0.1.0. Kwenye kompyuta yangu kila jaribio lilipita. Nikamwomba rafiki yangu aliyeko Mwanza akisakinishe katika mradi wake, na baada ya dakika tano akanitumia picha ya ukurasa wa njano wenye neno moja kubwa: `TemplateDoesNotExist`.

Hitilafu hii inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu karibu kila mtu huipitia. Faili la wheel, yaani kifurushi chenyewe kwa umbo ambalo pip, programu ya kusakinisha vifurushi vya Python, hupenda kulisakinisha, ni zipu tu iliyobadilishiwa jina. Unaweza kuandika `unzip -l` ukaona kilichomo. Nilipolifungua la kwangu, nilikuta `models.py`, `views.py`, `forms.py` na wenzake wote wa Python, na sikukuta folda ya violezo, yaani faili za HTML zinazotoa sura ya kurasa, wala ile ya JavaScript. Setuptools, chombo kinachojenga kifurushi, hukusanya faili za Python kwa sababu inazitambua. Faili za HTML na za JavaScript haziendi mpaka uziombe, kwa kuandika katika `MANIFEST.in` kwamba kila kilichomo ndani ya `templates` na `static` kichukuliwe, na wakati ule, katika `setup.py`, kwa kuongeza pia `include_package_data=True`. Na kwa nini majaribio yangu yalipita? Kwa sababu niliyaendesha nikiwa ndani ya folda ya mradi, na Python hutafuta kwanza pale ulipo. Ilikuwa inasoma folda yangu halisi yenye violezo vyote, wala haikugusa kifurushi nilichokuwa nikidhani nakijaribu. Tangu siku ile msimbo wangu hukaa ndani ya folda ya `src`, ili usionekane kwa bahati, na majaribio huendeshwa dhidi ya kifurushi kilichosakinishwa katika mazingira pepe matupu, yaani folda ya Python iliyotengwa na isiyo na kifurushi kingine.

Nikafuta toleo 0.1.0, nikarekebisha, nikajaribu kupakia tena kwa namba ile ile. PyPI ikakataa: jina la faili lililokwisha kutumika halirudiwi, hata kama faili lenyewe limefutwa. Nilikasirika kidogo, kisha nilipotafakari nikaona ni sheria ya haki kabisa. Mtu aliyesakinisha 0.1.0 jana na mtu atakayesakinisha 0.1.0 mwakani wana haki ya kupata kitu kimoja. Nikapakia 0.1.1. Siku hizi kuna njia ya upole zaidi, iliyopitishwa mwaka 2019, ya kuliwekea toleo bovu alama kwamba limeondolewa: pip haitalichagua kwa mtu mpya, lakini yule aliyelitaja kwa namba kamili bado atalipata na mfumo wake hautavunjika usiku.

Violezo vilipofika Mwanza salama, yakaanza kujitokeza mambo niliyokuwa nikiyadhani bila kujua. Kiolezo changu kilianza kwa kurithi `base.html`, kwa kuwa miradi yangu yote ilikuwa nayo. Mradi wa rafiki yangu uliita la kwake `msingi.html`. Nilikuwa na kiolezo kiitwacho `orodha.html` moja kwa moja ndani ya `templates`, naye alikuwa na chake cha jina hilo hilo, na kwa kuwa Django hupita app moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa `INSTALLED_APPS`, orodha ya app za mradi, na kuchukua kiolezo cha kwanza kinacholingana na jina, ukurasa wake wa wanachama ukaanza kuonyesha wilaya. Dawa yake inajulikana: folda ndani ya folda, `templates/mikoa/orodha.html`, ili jina libebe ukoo wake. Lakini utaratibu huo huo wa kutafuta kwa mpangilio, ulioniletea aibu, ndio ninaoupenda kuliko yote sasa. Mwenyeji, yaani mwenye mradi uliopokea kijenzi, asiyependa sura ya fomu yangu anaweka faili lenye njia hiyo hiyo katika folda ya violezo ya mradi wake, inayotafutwa kabla ya zile za app, na la kwake ndilo linalotumika. Hahitaji kunakili kijenzi wala kuniomba ruhusa.

Kulikuwa pia na uhusiano na mtumiaji. Jedwali la wilaya lilikuwa na safu inayotaja nani aliyehariri mwisho, na niliiunganisha moja kwa moja na modeli ya `User`, yaani maelezo ya jedwali la watumiaji, inayokuja na Django. Tangu toleo 1.5, la mwaka 2013, mradi wowote unaweza kuwa na modeli yake ya mtumiaji, na huku kwetu wengi hufanya hivyo kwa sababu wateja huingia kwa namba ya simu badala ya barua pepe. Kijenzi kinachotaja `User` kwa jina hakiwezi hata kuanza katika mradi wa namna hiyo. Kinapaswa kutaja `settings.AUTH_USER_MODEL` na kumwachia mwenyeji aseme mtumiaji ni nani. Niliirekebisha safu ile, kisha baada ya wiki chache nikaiondoa kabisa, kwani nilijiuliza orodha ya mikoa ina haja gani ya kujua watu, na sikupata jibu.

Hapo ninatofautiana na baadhi ya wenzangu wanaotumia Laravel, mfumo wa tovuti wa lugha ya PHP, ambao tangu toleo 5.5 la mwaka 2017 huweza kukitambua kifurushi wenyewe mara tu kinaposakinishwa kwa Composer, kisakinishi cha PHP, bila mwenye mradi kukiandikisha popote. Ninaelewa uzuri wa jambo hilo kwa anayeanza. Hata hivyo napendelea namna ya Django, ambapo hakuna app inayoamka mpaka mwenye mradi aandike jina lake katika `INSTALLED_APPS` na achague mwenyewe anwani itakapowekwa. Mgeni hubisha hodi. Na yule anayefungua mlango anajua nani yumo ndani.

Yote niliyoyataja hadi hapa yanarekebishika kwa kutoa toleo jipya. Majedwali ni habari nyingine, kwa sababu kijenzi chenye majedwali kinaacha kitu katika hifadhidata ya mtu mwingine, na kitu hicho kinabaki hata kifurushi kikibadilika. Tangu toleo 1.7 la mwaka 2014 Django ina maigresheni, yaani faili za Python zinazoeleza hatua kwa hatua namna majedwali yanavyoundwa na kubadilishwa, na kijenzi husafiri na faili hizo. Nilichokuwa sijakitambua ni kwamba maigresheni iliyokwisha kutolewa si mali yangu tena. Nikiigeuza, miradi iliyokwisha kuitekeleza itakuwa na jedwali la namna moja, na mipya itakuwa na la namna nyingine, zote zikiwa zimeandika katika kumbukumbu zao kwamba hatua hiyo imekamilika.

Kisa kilichonifundisha hili kwa uchungu kilitokea baada ya Django 3.2, ya Aprili 2021. Toleo hilo lilileta mpangilio uitwao `DEFAULT_AUTO_FIELD`, unaoamua aina ya namba ya utambulisho kwa jedwali lisiloitaja lenyewe, na miradi mipya ikaanza kuzaliwa na namba kubwa, `BigAutoField`. Kijenzi changu kilikuwa kimya juu ya suala hilo. Msanidi mmoja wa Dodoma alikisakinisha katika mradi mpya, akaandika `makemigrations`, amri inayoandika maigresheni mpya, kwa ajili ya kazi zake mwenyewe, na Django ikaona kwamba majedwali yangu yanatakiwa sasa kuwa na namba kubwa wakati maigresheni zangu zinasema ndogo. Ikaandika faili jipya la maigresheni ndani ya kifurushi changu, kule `site-packages`, folda ambamo pip huweka vifurushi, katika kompyuta yake, mahali ambapo hakuna anayepachunguza. Kisha maigresheni za mradi wake zikaandikwa zikilitegemea faili hilo. Kwenye kompyuta yake kila kitu kikaenda vizuri. Alipopeleka mradi kwenye seva, pip ikasakinisha kifurushi kisafi kutoka PyPI, faili halikuwepo, na mfumo ukagoma kuwaka ukilalamikia maigresheni isiyojulikana. Alikesha akitafuta kosa katika msimbo wake, na kosa lilikuwa langu. Tiba yake ilikuwa mstari mmoja katika `apps.py`, unaotaja `default_auto_field` ya kijenzi chenyewe ili kisibadilike kwa kufuata mpangilio wa mwenyeji. Tangu hapo, katika majaribio ya kila toleo, ninasakinisha kifurushi katika mradi wenye mipangilio tofauti na yangu, ninaendesha `makemigrations --check`, na Django ikiona lolote la kuandika, toleo halitoki.

Swali la data lilinichukua muda zaidi kuliko la majedwali. Mwanzoni niliweka orodha ya mikoa ndani ya maigresheni yenyewe, ili anayesakinisha akute 31 tayari. Lilionekana jambo la hisani mpaka nilipotambua kwamba siku nitakapotoa toleo linalohamisha wilaya, mwenyeji atakayeendesha `migrate`, amri inayotekeleza maigresheni, kwa sababu nyingine kabisa atajikuta rekodi zake zimehamishwa bila yeye kuulizwa, pengine katikati ya mwaka wa fedha ambao ripoti zake zinatakiwa zifuate mipaka ya zamani. Nikaitoa. Sasa kuna amri ya kupakia mikoa, inayoonyesha kwanza itakachobadilisha na kusubiri kibali. Nikaacha pia kuitambua mikoa kwa namba ambazo hifadhidata hujipangia, kwa kuwa katika miradi yangu mitano Mbeya ilikuwa na namba tano tofauti. Natumia alama za ISO 3166-2, kiwango cha kimataifa cha alama za mikoa ya nchi, ambapo Arusha ni TZ-01, Dar es Salaam ni TZ-02, Mbeya ni TZ-14 na Songwe ni TZ-31, na alama hizo ni zile zile Mwanza, Dodoma na kokote.

Likabaki suala la namba za matoleo. Kanuni ya kawaida husema tarakimu ya kwanza ipande pale tu unapovunja kitu ambacho wengine wanakitegemea, ya pili unapoongeza, ya tatu unaporekebisha. Kwa msimbo ni rahisi kuamua. Kwa data je? Kurekebisha tahajia ya kata kunaonekana kuwa jambo dogo, lakini nimeona mfumo uliokuwa ukilinganisha kata kwa jina, na kwa mfumo huo herufi moja ilikuwa mvunjiko kamili. Nimeamua hivi: tahajia inapanda tarakimu ya tatu, kwa kuwa nimekwisha kuandika katika maelezo kwamba majina si ya kulinganishia, mkoa au wilaya mpya inapanda ya pili, na wilaya kuhamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine inapanda ya kwanza, hata kama hakuna mstari wa msimbo ulioguswa. Mtu anaweza kuona ni kupita kiasi. Mimi nakumbuka risiti za Vwawa.

Novemba 2023 DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, nami nilikuwepo. Wakati wa chai msanidi mmoja kutoka Kenya aliniambia, "Ndugu yangu, kifurushi chako kizuri, lakini mimi nina kaunti 47, kaunti ndogo na wadi. Niongezee." Nilifurahi kuombwa, na karibu nimkubalie pale pale. Tuliketi tukafungua msimbo pamoja, na kadiri tulivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba tunachokihitaji wote wawili ni visanduku vitatu vinavyotegemeana, na tusichohitaji kushirikiana ni majina. Msimbo wangu ulikuwa umefunga vitu viwili kamba moja kwa miaka yote hiyo, na nisingeuona mpaka wa vitu hivyo bila mtu wa pili kusimama upande wa pili wa mpaka. Kijenzi kikagawanywa: kimoja cha fomu, kisichojua lolote kuhusu Tanzania, na kingine cha data ya Tanzania, kinachokitegemea cha kwanza. Yeye akaandika cha Kenya, na anakitunza mwenyewe, jambo ambalo ni la haki kwa kuwa yeye ndiye atakayejua mipaka ya kwao ikibadilika.

Mazungumzo yale yalileta pia suala la lugha ambalo sikulitarajia. Kijenzi cha fomu kina maneno yanayoonekana kwa mtumiaji, na Django huyatafsiri kwa faili za gettext zinazokaa katika folda ya `locale`. Nilikuwa nimetafsiri kwa Kiswahili na kuona kazi imekwisha. Lakini ninachokiita kata, yeye hukiita wadi. Tunazungumza lugha moja na neno langu lingemshangaza karani wa Kisumu. Bahati nzuri Django huyapa kipaumbele maneno yaliyomo katika `LOCALE_PATHS` za mradi kuliko yale ya kijenzi, hivyo mwenyeji anaweza kusahihisha neno moja bila kunigusa. Nimeliandika hilo mwanzoni mwa maelezo ya kijenzi, juu ya jinsi ya kusakinisha. Mtego mwingine ulijificha hapo hapo: tafsiri husomwa kutoka faili la `.mo`, ambalo huzalishwa kutokana na `.po`, na kiolezo cha `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, huyaacha nje, nilichokuwa nimekinakili kwa ajili ya miradi ya Python kinayapuuza mafaili yote ya `.mo`. Nilipohamishia ujenzi wa kifurushi kwenye seva inayochota msimbo kutoka Git, tafsiri zikapotea kimya kimya katika matoleo mawili. Hakuna kosa lililojitokeza. Maneno yalirudi tu kwenye Kiingereza. Sasa hatua ya kwanza ya ujenzi ni `compilemessages`, na ya mwisho ni jaribio linalofungua wheel na kuhesabu kilichomo.

Kuhusu vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo msimbo wako unavihitaji, nitasema kwa ufupi. Mradi unapaswa kutaja kila kifurushi kwa namba kamili, ili kilichojaribiwa ndicho kinachowekwa kwenye seva. Kijenzi kinapaswa kufanya kinyume, kitaje toleo la chini kinalolihitaji na kuacha nafasi juu, kwa sababu kinaishi pamoja na wenzake na hakina haki ya kumwamulia mwenyeji. Nilipoandika `Django==1.11` katika siku zangu za mwanzo, nilimfungia rafiki yangu asiweze kupanda toleo kwa sababu ya orodha ya mikoa. Uhuru huo, hata hivyo, unakudai kazi. Django 4.0 ilipotoka Desemba 2021 iliondoa `ugettext` na ile `url()` ya zamani, vitu ambavyo onyo lake lilikuwa limetolewa matoleo kadhaa nyuma, na vijenzi vingi vilikwama siku hiyo kikiwemo changu. Onyo lilikuwa likichapwa kila siku katika majaribio yangu, nami nilikuwa sisomi. Siku hizi tox, chombo cha kurudia majaribio katika mazingira mbalimbali, huendesha majaribio yangu dhidi ya matoleo ya Django yanayotunzwa kwa muda mrefu, 4.2 na 5.2, na dhidi ya tawi kuu la Django ambalo bado halijatolewa, na kila onyo linahesabiwa kuwa kosa.

Na kuna amana. Anayeandika `pip install` na jina la kijenzi changu anaruhusu msimbo wangu uendeshwe kwenye seva yake, karibu na data za watu wake. Kwa miaka kadhaa tokeni ya kupakia, yaani ufunguo wa siri unaoruhusu kutoa matoleo, ilikaa katika faili la kawaida kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ile ile niliyokuwa nikiiacha mezani mgahawani nikienda kunawa mikono. Mwaka 2023 PyPI ilileta njia ya kuchapisha bila tokeni ya kudumu, ambapo hazina ya msimbo yenyewe hutambulishwa na kupewa kibali cha muda mfupi, na tangu mwanzo wa 2024 kila mwenye akaunti anatakiwa awe na uthibitisho wa hatua mbili. Nilihamia huko wiki ile ile. Nimempa pia yule msanidi wa Kenya haki ya kutoa matoleo ya kijenzi cha fomu, kwa sababu Jazzband, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya kutunza kwa pamoja vifurushi vya Python, vingi vyake vya Django, ilinionyesha kwamba kijenzi chenye mlinzi mmoja kina maisha mafupi kama afya ya mlinzi huyo.

Mradi wa mwisho kuachana na folda yake ulikuwa ule wa kwanza, wa wakulima. Niliuogopa, kwa kuwa una rekodi nyingi na majedwali yake yaliundwa na maigresheni ambazo hazifanani na zile za kifurushi. Nilichukua nakala ya hifadhidata, nikaiweka kwenye kompyuta yangu, nikalinganisha muundo wa majedwali yaliyopo na kile ambacho `sqlmigrate` inasema kifurushi kingekiunda. Tofauti zilikuwa mbili: urefu wa safu ya jina, na safu ya alama za ISO ambayo haikuwepo. Nikaandika maigresheni ya mwisho katika folda ya zamani kuziba tofauti hizo, nikajaza alama kwa kulinganisha majina kwa macho, mkoa kwa mkoa, kisha nikaondoa folda, nikasakinisha kifurushi chenye jina lile lile la app, nikaiambia Django kwa `migrate --fake` kwamba hatua zote za kifurushi zimekwisha kufanyika. Nilirudia mchezo huo mara tatu juu ya nakala kabla ya kuugusa mfumo halisi, Jumapili moja saa kumi na moja alfajiri, wakati hakuna karani kazini.

Niliendesha `migrate` ya kawaida. Django ikajibu kwamba hakuna maigresheni ya kutekeleza. Nikafungua fomu, nikachagua Songwe, kisanduku cha pili kikajaa: Ileje, Mbozi, Momba, Songwe. Saa mbili asubuhi nikampigia karani wa Vwawa nikamwomba asajili mkulima wa majaribio, na akanisomea risiti kwa simu, mstari kwa mstari, hadi jina la mkoa.